Shajara ya Pamba na Kaniki: kuandaa sungura wa maonyesho, Kisauni

Jumapili, 9 Machi

Daftari jipya, kazi mpya. Kuanzia leo naandika habari za sungura wawili mpaka siku watakayowekwa mezani mbele ya mwamuzi. Nimewahi kufuga sungura wa kula, utotoni, nyumbani kwa nyanya. Sungura wa kuonyeshwa ni jambo jingine, na ndilo ninalojifunza.

Chanzo ni fereti. Mwaka jana nilikuwa nikitazama kwenye simu maonyesho ya fereti ya Marekani, binti yangu akaja akakaa ubavuni, tukatazama mpaka bando likaisha. Fereti ni mnyama mrefu mwembamba wa ukoo wa kicheche. Wazungu wamemfuga zaidi ya miaka 2,000, na kazi yake ya asili ilikuwa kuingia mashimoni kuwatoa sungura. Kilichotuvutia si mnyama mwenyewe tu, ni vile mwamuzi alivyomnyanyua: mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya nyonga, akatazama meno, masikio, kucha, na mnyama ametulia kama mtoto aliyeshiba. Binti yangu akaniuliza, "Baba, sisi tukimtaka tutampata wapi?"

Nikasoma. Fereti hana njia ya kutoa jasho. Joto likipita nyuzi 27 huanza kumdhuru. Mombasa nyuzi 27 ndiyo nafuu yetu ya Julai. Mimi ni fundi wa mafriji, najua kuweka chumba baridi, lakini mnyama wa kuishi maisha yake yote ndani ya chumba cha baridi kwa ajili ya furaha yangu sikumtaka. Basi tukamgeukia yule aliyekuwa akifukuzwa.

Pamba ni jike, New Zealand mweupe, macho mekundu. Kaniki ni dume wa Californian: mwili mweupe, na pua, masikio, miguu na mkia vinatakiwa viwe vyeusi. Wote wana miezi mitatu. Jina la New Zealand lisimpotoshe mtu, sungura hawa walizalishwa Marekani. Na hili nimelipenda: New Zealand ilikataza kuuza na kuzalisha fereti mwaka 2002, na jimbo la California mpaka leo haliruhusu kuwafuga. Majina yote mawili ya sungura wetu ni ya mahali ambapo yule wa kwanza hatakiwi.

Uzito wa leo kwa mizani ya kuning'iniza, ndani ya kikapu: Pamba kilo 2.2, Kaniki kilo 2.3. Kwa vipimo vya chama cha wafugaji cha Marekani, ARBA, jike mzima wa New Zealand huwa kilo 4.5 hadi 5.4. Safari ni ndefu.

Wafugaji wadogo wa huku Kisauni na Bamburi tumekubaliana kukutana Agosti kwenye uwanja wa shule. Mwamuzi atakuwa mzee mmoja mstaafu wa idara ya mifugo. Tukiweza pale, Mungu akijaalia, siku moja tutafika uwanja wa maonyesho wa Mkomani.

Jambo moja linanikera tangu nimewaleta. Pua ya Kaniki si nyeusi. Ina rangi ya chai ya maziwa. Aliyeniuzia aliniambia itakolea yenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nusura nimpoteze Pamba.

Vizimba nilikuwa nimeviweka juu darini, chini ya mabati, kwa kuhofia paka wa mtaani na mikono ya watu. Feni moja ikiwapulizia. Baada ya Adhuhuri stima ilipotea, nami nilikuwa Buxton kwenye friji ya mtu. Niliporudi saa kumi nikapanda ngazi mbio. Kaniki alikuwa amejinyoosha kama kitambaa kilichoanikwa, lakini macho yapo. Pamba alikuwa amelala kwa ubavu, kichwa nyuma, anahema kwa mdomo, na pua imelowa. Nilimshika masikio nikautoa mkono. Yalikuwa ya moto, na mishipa imetuna myekundu kama mizizi.

Sungura hana jasho. Joto lake hulitolea masikioni, ndiyo sababu ni makubwa vile na yamejaa damu. Basi matibabu pia huanzia hapo. Nilimteremsha chini kwenye sakafu ya saruji, nikachovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, nikawa nafuta masikio, nje na ndani, polepole. Maji ya mtungi, si ya barafu. Barafu ya ghafla huibana mishipa ikafunga, joto likabaki ndani. Hata mashine iliyochemka huimwagii barafu. Binti yangu akampepea kwa kawa. Nikamtilia matone ya maji mdomoni kwa pembeni, asipaliwe.

Adhana ya Magharibi ilinikuta bado nimechutama. Nilifuturu kwa tende moja, kitambaa mkono wa pili. Baada ya swala Pamba akainua kichwa, akajikokota hatua mbili, akajificha nyuma ya mtungi. Nilishukuru kwa sauti.

Usiku nimepanda na kipimajoto changu cha kazi. Saa tatu, jua limezama zamani, chini ya mabati bado nyuzi 33. Kesho nitapima mchana.

Jumapili, 23 Machi

Saa kumi alasiri: chini ya mabati nyuzi 38. Chini uani, kwenye kibanda cha makuti, nyuzi 31, na upepo wa mlangoni unapita. Vipimo hivi ningevichukua kabla ya kununua sungura, si baada.

Tumehamisha. Vizimba viko kimo cha kiuno, miguu ya meza imesimama ndani ya mikebe ya maji kuzuia siafu, na waya mzito mbele kwa ajili ya paka. Kila kizimba kina chupa ya maji yaliyogandishwa ya lita moja na nusu. Kazini nina friji tatu za watu zisizochukuliwa; chupa zinaganda humo kwa zamu.

Jumamosi, 12 Aprili

Kaskazi imekata. Upepo wa kusi umeanza kuingia na mvua za mwaka zimefungua mlango juzi. Nyuzi 29 uani. Sungura wamerudia kula kama wanaodaiwa.

Sasa ndiyo somo la mikono. Nimeweka meza ndogo, juu yake kipande cha zulia kisichoteleza, kwa sababu sungura akihisi chini kunateleza hataki kukaa. Kila siku baada ya Alasiri, dakika kumi na tano kila mmoja. Mkao ni huu: miguu ya mbele chini ya macho, ya nyuma chini ya nyonga, mgongo ujipinde kama kuba, mkia ulale sawa, masikio yasimame. Ukimnyoosha sana anaonekana mrefu na bapa, ukimbana sana anaonekana donge. Mwamuzi hupitisha kiganja kutoka mabegani hadi nyonga na huko ndiko anakohukumu zaidi; macho yanafuata.

Kisha kumgeuza. Hapa ndipo wengi huumizwa. Mkono wa kulia unashika ngozi ya shingo pamoja na mashina ya masikio, kwa upole. Mkono wa kushoto unabeba makalio. Unamgeuza tumbo juu kwa mwendo mmoja usiositasita. Mkono ukisita, sungura anajua. Kaniki alijua mara nne. Nina mchoro kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, na nimejifunza kuvaa shati la mikono mirefu.

Na naomba hili lisikike. Sungura habebwi kwa masikio. Jirani alikuja kutazama, akamnyanyua Pamba kwa masikio kama wanavyonyanyuliwa sokoni, na nilimwambia mbele za watu amrudishe chini. Pamoja na maumivu, sungura akining'inia akirusha miguu ya nyuma kwa nguvu zake zote anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Misuli yake ni mikubwa, mifupa yake ni myepesi.

Binti yangu ndiye mwenye kipawa. Mimi namshika sungura kama kompresa. Yeye kwanza anaweka kiganja juu ya macho ya Pamba, anangoja pumzi itulie, ndipo anageuza. Hakuwahi kukwaruzwa hata mara moja. Nimeamua siku ya maonyesho atawabeba yeye.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Kaniki anatikisa kichwa. Ndani ya sikio la kulia kuna magamba ya rangi ya kahawia kama makapi ya ngano: utitiri. Daktari wa mifugo amemchoma sindano na kutuonya tusiyabandue magamba, yatadondoka yenyewe, kwani chini yake ni kidonda. Sindano ya pili baada ya wiki mbili. Pamba naye amechomwa japo hana dalili, maana wanapakana.

Nyasi kavu zimeanza kunuka uvundo kwa unyevu. Nimezitupa zote, gunia zima, na kununua nyingine za Boma Rhodes. Iliniuma mfukoni, lakini nyasi zenye ukungu kwa sungura ni ugonjwa wa tumbo unaongoja siku yake.

Jumapili, 18 Mei

Leo nina jambo la kuandika kwa urefu.

Tangu wiki iliyopita naona ubavuni mwa Kaniki, upande wa kushoto karibu na nyonga, kitu kama uchafu. Doa la kijivu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nikalifuta kwa kitambaa, halitoki. Nikalipangua kwa vidole, nikakuta weusi hauko juu ya unyoya. Uko ndani ya unyoya wenyewe: ncha nyeupe, shina la kijivu. Manyoya mapya ndiyo yanayoota na rangi.

Binti yangu akaniuliza analalia upande gani.

Analalia kushoto, ameegemea chupa ya barafu.

Nilikaa kitako. Jambo hili nililisoma Machi nikalipita. Rangi ya Californian inakwenda na baridi. Amezaliwa na kimeng'enya cha kutengeneza rangi nyeusi ambacho kwenye ngozi ya joto hakifanyi kazi, kwenye ngozi ya baridi kinafanya. Mwili una joto, kwa hiyo ni mweupe. Pua, masikio, miguu na mkia viko mbali na moyo, vinapoa, kwa hiyo ni vyeusi. Wataalamu wa zamani walithibitisha kwa sungura wa namna hii wa Himalaya: walinyoa manyoya mgongoni, wakaweka barafu hapo, na manyoya yaliyoota yakawa meusi. Mimi nimerudia jaribio lao uani kwangu pasipo kujua.

Na ndiyo sababu pua yake ilikuwa chai ya maziwa mwezi wa Machi. Yule muuzaji hakunidanganya kuhusu uzao. Alichosahau kuniambia ni kwamba aliniuzia sungura aliyeota manyoya yake wakati wa kaskazi, chini ya mabati ya mtu mwingine. Ncha za huyu mnyama ni kipimajoto. Zinaandika hali ya hewa ya mwezi uliopita.

Basi hesabu imegeuka. Nahitaji mwili wenye joto lake la kawaida na ncha zipoe. Chupa zimefungwa kwenye gunia na kuwekwa nje ya waya, upande unakotoka upepo, ili hewa ipoe lakini ubavu usiguse baridi. Doa lenyewe halifutiki. Unyoya ulioota umeota. Litaondoka atakapopukutisha manyoya, na naomba iwe kabla ya Agosti.

Binti ameomba na yeye aandike humu mstari mmoja: *Mimi ndiye niliyeuliza.* Ni kweli.

Jumapili, 15 Juni

Idd imepita, nyumba imetulia. Wote wawili wanapukutisha. Unalowesha viganja kidogo, unapitisha mgongoni kinyume na ulalo, manyoya yanatoka kwa matonge, yanaruka mpaka kwenye chai ya mama. Kila siku, maana sungura hujilamba, na sungura hawezi kutapika. Anachomeza lazima kipite. Nyasi kavu kwa wingi ndizo zinazosukuma. Chakula cha punje nimepunguza, majani ya viazi vitamu ya Kongowea nayaanika kivulini nusu siku kabla ya kuwapa.

Pamba kilo 3.6. Kaniki kilo 3.3.

Jumamosi, 5 Julai

Kipupwe. Alfajiri uani nyuzi 21, mama amejifunga leso mbili, na Kaniki amekuwa Kaniki.

Pua imekolea kuanzia ncha hadi chini ya macho. Masikio ni meusi mpaka shinani. Miguu kama imevishwa soksi. Doa la ubavuni limebaki kivuli ambacho nakiona mimi kwa kuwa najua kilipokuwa. Nilimwita mama aje amtazame, akasimama kitambo, akasema, "Huyu sasa ndiye uliyemnunua." Nilifurahi kama niliyepewa zawadi.

Pamba ananipa shaka. Ana kilo 3.9, na nilitaka awe amefika 4.2. Nadhani ile Machi ilimrudisha nyuma. Mwili wenye joto haushughuliki na kukua, unashughulika kupoa. Nimeongeza punje kidogo jioni, wakati wa ubaridi, ambapo hula vizuri zaidi. Kumshindilia sitaki. Mafuta si nyama, na mkono wa mwamuzi unajua tofauti.

Jumapili, 27 Julai

Wiki ya usafi. Mpwa wangu alikuja na beseni na shampuu, kwa nia njema, kwa kuwa aliona video zile zile za fereti. Fereti huogeshwa siku chache kabla ya maonyesho, mafuta ya ngozi yapate muda wa kurudi. Sungura haogeshwi. Maji mwili mzima humtia hofu kiasi cha kumuua, na manyoya yake mazito hayakauki upesi. Nyayo za Pamba zilikuwa na manjano ya mkojo. Tumepaka wanga wa mahindi, tukauacha ukanyonya, tukapangusa kwa brashi laini. Palipokataa, siki nyeupe kidogo kwenye kitambaa. Zimetoka.

Kucha. Pamba zake ni nyeupe, mshipa wa damu unaonekana kama uzi mwekundu, unakata mbele yake. Za Kaniki ni nyeusi, hazionyeshi kitu. Binti alimulika tochi ya simu kwa chini ndipo tukaona kivuli cha mshipa. Ilituchukua karibu saa nzima. Mmoja tu, wa mguu wa mbele wa kushoto, ule wa pembeni, ni mweupe na haukutusumbua. Binti ameuita ukucha wa lulu.

Meno: ya juu yamepita mbele ya ya chini kama inavyotakiwa. Masikio: safi. Nyayo: hazina vidonda. Macho: hayatoki machozi.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumetoka baada ya swala ya Alfajiri, tuktuk moja, sisi wawili na matenga mawili yenye nyasi chini. Nilimwomba dereva aende polepole kwenye matuta, akaenda kama aliyebeba mayai. Saa moja kasoro tulikuwa uwanjani. Sungura 23, meza nne chini ya mwembe, watu labda sitini na watoto wasiohesabika.

Mzee mwamuzi alikuja na koti jeupe lililopigwa pasi. Tulimwamkia, binti akashika mkono wake, naye akamwuliza, "Wewe ndiye unayewashika hawa?" Akajibu ndiye. "Basi utasimama hapa karibu nami."

Wazungu wameipanga shughuli hii kwa alama: Marekani sungura huchorwa namba ndani ya sikio la kushoto, Uingereza huvishwa pete mguu wa nyuma. Sisi tulifunga vipande vya karatasi kwenye matenga. Lakini mikono ya yule mzee sidhani kama ina tofauti na ya mwamuzi wa kokote.

Kwanza majike weupe wazima, wa miezi minane na kuendelea. Walikuwa tisa. Pamba alitimiza umri huo Jumatatu. Mzee aliwapitia wote mara moja bila kusema. Mara ya pili alimweka kila mmoja kwenye mkao, kiganja kikatembea, kikarudi, kikasimama kiunoni. Akapuliza manyoya mgongoni kutazama ngozi. Akayasugua kinyume, akatazama yanavyorudi. Sungura wa jirani yetu kushoto aliruka akaangukia mapajani mwa mtu, mwingine alimkwaruza mzee akatoka damu. Ilipofika zamu ya Pamba binti aliweka kiganja juu ya macho yake, akangoja, akaondoa. Pamba akabaki pale pale alipowekwa. Mzee alimgeuza, akatazama meno, akamrudisha. Pamba akakaa mkao mwenyewe, bila kupangwa. Mzee akanitazama.

Wa tatu kati ya tisa. Kilo 4.3, bado chini ya kipimo, na kiuno chembamba. Mzee alimchukua binti mkono, akauweka juu ya mgongo wa mshindi. "Bonyeza taratibu. Unasikia panajaa kiganja? Sasa mguse wako." Binti akagusa. "Wako anaingia ndani hapa." Akagusa tena wa kwanza, tena wa kwake, macho ameyafumba. Mimi pia niliomba kugusa. Miezi mitano nilikuwa napima kwa mizani, na kumbe kilichopungua kilikuwa mahali pamoja, chini ya vidole vinne.

Kisha Californian, madume. Walikuwa watano. Kaniki alipowekwa mezani watu walisogea. Hakuna aliyekuwa na weusi ule. Wawili kati ya wenzake walikuwa na pua za chai ya maziwa, nikataka kuwauliza wenyewe wanawaweka wapi. Mzee alimtazama kwa mbali, akatabasamu, akampapasa mgongo, akaenda nyonga, akatikisa kichwa cha kukubali. Akamgeuza. Meno. Dume, ndiyo. Akashika mguu wa nyuma, akatanua vidole kwa kidole gumba. Mguu wa pili. Mguu wa mbele wa kulia. Wa kushoto.

Hapo akasimama. Akapangua manyoya meusi ya pembeni, kukatokea ule ukucha. Mweupe, unang'aa, kati ya weusi wote.

Akamrudisha Kaniki kwenye mkao, taratibu kabisa, kisha akamsogeza mwisho wa meza, mbali na wenzake.

"Nani alimkata kucha?" akauliza.

"Mimi na binti yangu, mzee."

"Mmezikata vizuri. Huu hamkuuona?"

"Tuliuona."

Akaeleza kwa sauti, watu wote wasikie, lakini bila kututahayarisha. Kucha za sungura wa rangi lazima zilingane. Ukucha mmoja mweupe kati ya vyeusi ni kosa la kuzaliwa, humtoa sungura mashindanoni hata awe mzuri kiasi gani, kwa sababu anaweza kuwarithisha watoto. Joto haliugeuzi, chakula hakiugeuzi. Ningeuona siku ya kununua, dakika moja kwa kila mguu, ningejua.

Sikumtazama binti. Nilipomtazama alikuwa tayari amemchukua Kaniki, amempakata, kidole chake kiko juu ya ukucha ule ule kama anayeficha kitu cha rafiki yake. Mzee akamwambia, "Mwanangu, huyu ndiye sungura mwenye rangi nzuri kuliko wote hapa leo. Nimesema hivyo na nitaandika hivyo." Na aliandika, kwenye karatasi ya tenga, chini ya neno la kumtoa.

Wakati wa kufunga, watu sita walinijia kuhusu ile rangi. Niliwaeleza makuti, upepo, chupa nje ya waya, doa la ubavuni. Nimeishia kuchora kibanda changu nyuma ya bahasha ya mtu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimelala vizuri. Kaniki anabaki nasi, hazai, anakula nyasi zake. Binti amesema hatauzwa na sikuwa na nia ya kumuuza.

Kazi sasa ni kiuno cha Pamba, na kiuno hakijazwi kwa punje, kinatoka kwenye damu. Mwenye dume mweupe wa New Zealand aliyeshinda jana, wa Bamburi, amekubali tumpandishe. Jike ndiye hupelekwa kwenye kizimba cha dume. Ukimpeleka dume kwa jike, jike humpiga. Tumepanga Jumamosi, tarehe 23. Mimba ya sungura ni siku 31, kwa hiyo Septemba 23 au karibu na hapo. Kuchelewa hatuwezi: watoto wakizaliwa Septemba wataachishwa kunyonya katikati ya Novemba na watapata mwili kabla kaskazi haijaanza kuvuma. Na dume akishapigwa na joto la Januari mbegu zake hulegea kwa wiki nyingi, hata ukimpandisha ni bure.

Sanduku la kuzalia nitalikata wiki hii kwa mbao za kreti, sentimita 45 kwa 30, chini matundu madogo ya kupitisha unyevu.

Jana jioni, kabla ya kukubaliana chochote na mwenye dume, binti alimwomba ruhusa amshike yule dume. Akamziba macho, akamgeuza, akatanua vidole vya mguu mmoja mmoja, midomo ikitembea. Tano, tano, nne, nne. Kumi na nane, zote nyeupe. Akamrudisha kwenye kizimba, akafunga mlango, ndipo akaniambia, "Sasa tunaweza, baba."